Nyuki kwenye Mlango wa Obonyo

Nthoki aliyasema maneno yale akicheka, na watu wote walicheka naye.

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, katika uwanja mdogo wa kuegesha magari ambao nyumba za koti yao, kama vijitaa hivi vya lango moja vinavyoitwa, zinauzunguka. Buruburu imejengwa hivyo: nyumba zilizoshikana bega kwa bega, zikitazamana, zikigawana lango moja, tangi moja la chini, na majirani walewale tangu watoto wao wakiwa wa kubebwa mgongoni. Wiki ile pampu inayosukuma maji kutoka tangi la chini hadi juu ya mapaa ilikuwa imeibwa. Kufuli halikuvunjwa. Kibanda cha pampu kilikutwa kimefungwa vizuri, na ndani yake mabomba yaliyokatwa yalikuwa yakitazama hewani. Ufunguo ulikuwa kwa mtu mmoja tu, Nahashon Obonyo, mzee mrefu aliyestaafu kutoka reli. Ndiye aliyekuwa akiitunza pampu ile, akiitia grisi, akiinamisha kichwa kila asubuhi kuisikiliza inavyonguruma.

Hakuna aliyemtaja. Marion, mwenyekiti wa koti, alizungumza kuhusu "mtu tunayekaa naye", na watu wakaangalia viatu vyao. Obonyo akasimama, akasema hajui pampu ilikokwenda, akaketi. Ndipo Munyao, dereva wa lori wa nyumba ya pembeni, alipojaribu kuyapoza mambo.

"Si tupeleke hii maneno Kitui tu?" alisema. "Tuletewe nyuki. Mwizi akikaliwa na nyuki kwa mkono, atarudisha hata chenye hajaiba."

Kila mtu Nairobi amesikia habari za nyuki hao. Mtu ameibiwa gari au ng'ombe, anakwenda kwa mganga huko Ukambani, na baada ya siku chache bumba la nyuki linamtua mwizi, linamfunika mikono au linaifunika mali yenyewe, mpaka akiri mbele ya watu. Wengine wameona kwenye simu zao, wengine wana binamu aliyeshuhudia. Ni viumbe wa kweli waliobebeshwa kazi isiyo ya kweli, au pengine ni ya kweli. Katika mitaa yetu hakuna aliye na haja ya kuamua kabla hajaibiwa.

Macho yakamgeukia Nthoki, kwa sababu ndiye aliyezaliwa Kitui. Munyao, ambaye yeye ni wa Machakos na hukana habari zote za waganga, akamuuliza kama kiwanda cha nyuki hao hakiko kwao. Nthoki alikuwa amefanya kazi kwenye swichibodi ya simu ya wizara hadi kustaafu. Akakunja ngumi, akaiweka sikioni, akatoa ile sauti yake ya kazini.

"Halo, Kitui? Niunganishie nyuki, tafadhali. Ndiyo, Buruburu. Wako huru? Waambie wafuate Jogoo Road, wasije wakapotelea Makadara."

Watu walicheka hadi machozi. Obonyo naye alicheka, wa mwisho, na kwa adabu.

Nthoki hakuwa mtu wa kuogopwa. Alizaliwa chini ya vilima vya Mutito, akaja Nairobi kuolewa na Kyule, karani wa baraza la jiji, akaingia nyumba ile rangi ya milango ikiwa bado inanuka, na humo akamzaa binti yake, Mutheu. Wizarani sauti yake ilikuwa nzito kidogo, isiyo na haraka, na watu waliopiga simu wakiwa na hasira walijikuta wakiomba radhi. Kyule alipofariki, Obonyo ndiye aliyesimama na familia mochari, ndiye aliyekaa na wageni mpaka wa mwisho akaondoka. Tangu siku hiyo alimwita Nthoki shemeji. Tapu ya jikoni ikivuja, Nthoki alimwambia Benta, mke wa Obonyo, na mzee alitokea na spana kabla ya chai kupoa.

Viumbe wengine aliishi nao kama tunavyoishi nao sote, pasipo kuwatazama sana. Kulikuwa na mwewe waliozunguka juu ya shule wakati wa mapumziko na kunyakua mandazi mikononi mwa watoto. Kulikuwa na paka wasio na wenyewe, waliorithishana kuta za uani kizazi baada ya kizazi. Bundi mmoja aliwahi kulala juu ya tangi la akina Marion, na familia nzima ikafunga na kuomba mpaka alipohama.

Lakini nyuki walikuwa jambo jingine. Baba yake, Mbaluka, alikuwa na mizinga ya magogo iliyotundikwa kwenye migunga ng'ambo ya mto mkavu. Wanawake wa nyumba ile hawakuifikia. Alichojua Nthoki kuhusu nyuki ni kile kilichofika nyumbani: asali ndani ya kibuyu, harufu ya moshi kwenye nguo za baba, na tabia moja ya mzee ambayo mama yake aliilalamikia kila msimu. Mbaluka hakukubali kwenda mizingani akiwa amegombana na mtu. Kama amerushiana maneno na mkewe, au na ndugu yake kuhusu mpaka, asali ingeweza kukaa mtini hadi mvua ikaiharibu. Kwanza aende kwa yule mtu, wakae, wanywe kitu, neno liishe. Alisema nyuki hawamtaki aliye na kitu moyoni. Nthoki, akiwa msichana, alidhani ni uvivu.

Walikuja katikati ya wiki, jua likiwa limeanza kukolea. Nthoki alikuwa akianika nguo mbele ya nyumba aliposikia mngurumo, akadhani ni ile transfoma ya barabarani inataka kulipuka tena. Kisha akaona kivuli kikitembea juu ya shuka aliyokuwa ameishika, kivuli chenye vitundu, kama cha mti wenye majani membamba. Hapakuwa na mti hapo.

Akainua macho. Hewa juu ya lango ilikuwa imeota punje. Zilizunguka, maelfu kwa maelfu, kila moja ikienda njia yake na zote zikienda pamoja, na sauti yao haikuwa sauti ya kitu kidogo. Ilimwingia kifuani kabla ya kumfikia masikioni. Mbwa wa Munyao alijisukuma chini ya gari. Mama wa mboga, aliyekuwa ameingia kuuza sukuma, aliketi chini palepale na kujifunika kichwa kwa gunia. Wingu lile likapita juu ya nyumba ya Marion, likaenda hadi ukuta wa nyuma, likasita, likarudi. Halafu, kama aliyesoma namba ya nyumba, likateremka kwenye kibamba cha zege kinachokinga mvua juu ya mlango wa Obonyo.

Kwanza lilikuwa doa. Kisha likawa ngumi. Nyuki alimshika mwenzake miguu, na yule akamshika mwingine, hadi wakawa kitu kimoja kilichoning'inia kutoka kibambani kufikia usawa wa kichwa cha mtu, cheusi chenye kung'aa kwa dhahabu pale jua lilipokigusa, na kilikuwa kikipumua. Mngurumo ukashuka, ukawa mnong'ono. Nthoki alikuwa bado ameinua mikono yenye shuka. Hakuwahi kuona kitu kilichojaa uhai namna ile, na hakujua kama alitaka kukimbia au kupiga magoti.

Nyuma yake Marion akasema, kwa sauti ndogo sana, "Kumbe ulipiga kweli."

Kufikia jioni habari zilikuwa zimevuka barabara. Watu wa koti nyingine walikuja kusimama langoni na simu zao. Vijana waliokuwa wakimsalimia Nthoki kwa "niaje mathe" sasa walimpisha njia na kusema shikamoo, neno ambalo Buruburu hulisikia mara chache. Alimwambia kila aliyemkaribia kwamba ulikuwa utani, kwamba hajui mganga hata mmoja, kwamba wazazi wake walikuwa waumini. Walimsikiliza kwa heshima. Hakuna aliyemwamini.

Kilichomwogopesha zaidi ni kwamba hata yeye hakuwa na uhakika wa kutosha. Alijua hakupiga simu yoyote. Lakini maneno aliyasema, kwa sauti ile aliyoitumia maisha yake yote kumfikisha mtu kwa mtu, na waliotajwa wamefika. Usiku ule hakuweka mkono karibu na simu.

Asubuhi vitu vilianza kurudi. Ngazi iliyokuwa imepotea tangu zamani ilikutwa imeegemezwa ukutani mwa mwenyewe. Sufuria kubwa ya matanga, ambayo kila nyumba iliapa haikuwa nayo, ilitokea katikati ya uwanja ikiwa imesuguliwa na mchanga. Marion mwenyewe alionekana akipeleka viti vya plastiki kanisani akiwa amevipanga juu ya kichwa, akisema vilikuwa vimesahaulika tu. Watu wa koti ile walikuwa wamekaa pamoja muda mrefu mno kuwa safi. Hata Nthoki alipekua kabati la jikoni akakuta kaango la chapati la Benta, ambalo kwa miaka alikuwa ameshaanza kuliita langu.

Pampu haikurudi. Na kwa kuwa haikurudi, na nyuki walikuwa bado pale, watu wakahesabu kwamba Obonyo ni mkaidi.

Alikuwa hajatoka. Binti yake, Celine, alipiga simu kutoka Komarock akamwomba aruke ukuta wa uani, yeye atamngoja na gari upande wa pili. Mzee alikataa. Alisema hataruka ukuta kutoka nyumba yake mwenyewe kama mwizi. Akibaki ndani, watasema anajificha. Akiruka, watasema ametoroka. Akipita mlangoni na nyuki mmoja akamuuma, basi, hukumu itakuwa imetolewa. Alikuwa ameishi miaka yake yote ya reli bila doa, na sasa jina lake lilikuwa limening'inia pale kibambani mbele ya watu wenye simu.

Nthoki alipita njia ya nyuma na lile kaango, akaligonga kwenye ukuta wa uani. Benta akapanda juu ya karai, uso wake ukatokea. Alilitazama kaango, hakulipokea.

"Mama Mutheu," alisema, "tumekula na wewe sahani moja. Kama ulikuwa na neno na mzee wangu, si ungeniambia mimi?"

"Benta, ulikuwa utani. Wewe ulikuwepo. Ulicheka."

"Utani gani unakuja na mabawa?"

Nthoki aliliweka kaango juu ya ukuta, akarudi kwake. Aliketi jikoni muda mrefu. Ilimjia kwamba rafiki yake wa miaka yote hakuuliza kama mumewe aliiba. Benta alijua kwamba hakuiba. Aliuliza kama Nthoki ana kitu moyoni. Na Nthoki, akijichungulia kwa haki, alikikuta. Jumapili ile, mkutanoni, kabla ya kuikunja ngumi, alikuwa amejiuliza kama kweli Obonyo ameiuza pampu. Muda mfupi tu, kama mtu anavyoshika kitasa na kukiachia. Alicheka akiwa na wazo hilo ndani.

Mchana uwanjani kukawa na kelele. Munyao alikuwa amekuja na kopo la petroli na fimbo ndefu iliyofungwa tambara. Wengine walimzuia, wakisema nyuki waachwe wamalize kazi waliyotumwa, mzee akiri kwanza. Yeye alisema watoto watakufa kwa kuumwa na hizi vitu, mambo ya Kitui yashughulikiwe Kitui. Walipomwona Nthoki amekuja walimpisha. Alikuwa amebeba kikapu chenye chupa ya chai, vikombe viwili na sahani zake mkono mmoja, na mkono wa pili viti viwili vidogo vya jikoni.

"Mwaitu, usiende hapo," Munyao alisema, na safari hii alimwita mama kwa Kikamba, bila mzaha. "Hiyo ni nyuki ya kweli."

Nthoki akamwambia aweke petroli mbali na watu, akaendelea kutembea.

Aliweka viti kwenye kibaraza, kimoja chini kabisa ya lile bumba. Hakuwahi kuwa karibu na nyuki hivi maishani mwake. Baba yake angemkaripia. Harufu iliyoshuka ilikuwa ya nta na ya kitu kama ndimu, na joto lilitoka kwao kama linavyotoka kwenye ubavu wa ng'ombe. Akaketi. Akazungumza kuelekea mlangoni kwa sauti aliyoitumia wizarani, sauti ya kumwambia mtu kwamba hajasahauliwa.

"Shemeji, nimeleta chai. Njoo tunywe."

Kisha kitasa kikageuka, mlango ukafunguka kwa ndani polepole, halafu grili, inchi kwa inchi. Obonyo alisimama kizingitini akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na suti ya kanisani. Alikuwa mrefu, na nyuki walining'inia mbele ya uso wake. Aliwatazama. Watu waliokuwa uwanjani wanasema alitikisa kichwa kidogo kama anayesalimia. Kisha akainama, akainama zaidi, mgongo wa mzee ukilia, akapita chini yao, na ukingo wa chini wa bumba ukagusa mabega ya suti yake. Baadhi ya nyuki wakaachana na wenzao, wakatembea juu ya kola. Mmoja akapanda shingoni, akazunguka nyuma ya sikio.

Hakuna aliyemuuma.

Akaketi. Nthoki akamimina chai akimtazama yeye badala ya vikombe, na nusu ikamwagikia sahanini. Alikuwa amepanga maneno mengi. Yalimtoka machache.

"Sikupiga simu yoyote. Lakini siku ile nilikufikiria vibaya, kidogo, halafu nikacheka juu ya jina lako. Nimekuja kulimaliza."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, na kwa sababu uwanja wote ulikuwa umenyamaza, walisikia hadi langoni. Obonyo alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Hata mimi nilicheka," alisema. "Nilicheka ili wasinione." Akanywa. "Hii chai umetia sukari ya harusi."

Nyuki alikuwa ametua kwenye sahani ya Nthoki, ukingoni mwa ile chai tamu iliyomwagika. Nthoki akamtazama. Hakuwa amewahi kumtazama nyuki. Alikuwa na manyoya kifuani kama ya kifaranga, mabawa yaliyokatika pembeni kwa safari, na ulimi mwembamba aliouteremsha kwenye chai na kuunyanyua, akanywa kama mtu aliyetoka mbali. Kiumbe yule hakujua pampu. Hakujua Kitui wala Buruburu. Alikuwa amebeba jambo lake, kubwa na la kale, akasimama hapa kupumzika, na watu wakalipachika jina lao. Nthoki alihisi machozi, na hayakuwa ya huzuni. Alijiona mdogo, na udogo ule ukampumzisha.

Walikaa. Benta akatoka, naye akiwa ameinama, akaketi kizingitini karibu na miguu ya mumewe. Vikombe vilikuwa viwili, kwa hiyo akanywa kwenye kile cha Nthoki.

Jua lilipopita upande wa Jogoo Road, mnong'ono ulibadilika. Bumba lilianza kutetemeka kwa juu, kisha lote, kama maji kabla ya kuchemka. Nyuki wa nje wakaruka, halafu waliokuwa chini yao, halafu kitu chote kikafumuka. Hapakuwa na mbingu. Wale watatu waliketi ndani ya mngurumo ule vichwa vimeinamishwa, nyuki wakiwagonga nguo kama mvua kavu, na uwanjani watu wote walikuwa wamelala kifudifudi kwenye saruji, Marion na Munyao na wenye simu, wengine wakiomba, wengine wakilia tu. Wingu likainuka juu ya matangi, likajikusanya, likageuka mara moja. Kisha likaondoka kuelekea mashariki, na mwewe waliokuwa hewani wakalipisha.

Watu walichukua muda kusimama. Marion alikuja kibarazani akiwa na vumbi usoni, akamshukuru Nthoki kwa kuwarudisha nyuki. Nthoki akasema hakuwaita na hakuwarudisha. Marion akaitikia ndiyo, ndiyo, kwa ile namna ya kuitikia ambayo haijakubali kitu, na Nthoki akafahamu kwamba jina hilo la mwita nyuki litabaki kwake. Bado liko kwake. Wageni hutoka hata Kariobangi na picha za vitu walivyoibiwa, na yeye huwapa chai na kuwarudisha. Pampu yenyewe haijaonekana hadi leo.

Lakini siku ile ilikuwa haijaisha. Jioni lori la maji lilifika, watu wakatoka na mitungi yao, foleni ikajipanga kama kawaida. Obonyo akaja na mtungi wake, bado amevaa suti. Aliujaza, akauinua, akayumba kidogo, kwa sababu mchana ule ulikuwa umemchosha kuliko alivyotaka watu wajue. Munyao akatoka kwenye foleni. Akauchukua mtungi kutoka mkononi mwa mzee, akautia begani, akatangulia kuelekea nyumbani kwa Obonyo.

Kibarazani akasimama ghafla. Chini ya kibamba walikuwa wamebaki nyuki wachache, wale ambao hawakuiwahi safari, wakitembea kwenye zege wakitafuta wenzao. Munyao aliwatazama, maji yakimdondokea shingoni, na mguu wake haukuvuka. Kila mtu kwenye foleni alikuwa akijiuliza kama yeye angepita.

Obonyo akamfikia kwa nyuma, akamwekea mkono mgongoni.

"Pita tu, Munyao," alisema. "Hawana neno na wewe."